Gari Lisilovuka Mpaka

Siku za shule, Priska Simbeye alikuwa akifunga skonzi mia moja na ishirini kabla hata ya kunawa uso. Alizitia sita sita kwenye mifuko, akaipanga mifuko kwenye makreti, kisha yeye na mama yake wakayafunga makreti kwa mipira nyuma ya baiskeli. Baba yake, Osward, alikuwa bado mbele ya tanuri la matofali, nyusi zimejaa unga. Osward ndiye aliyeoka, lakini mwenye biashara alikuwa mama, Tabita. Leseni ilikuwa kwa jina lake, na wenye maduka wa Tunduma, kuanzia Maporomoko hadi Mpemba, walimwita Mama Skonzi.

Sehemu ya Priska iliyokuwa ngumu ilianza baada ya hapo. Aliisukuma baiskeli kando ya foleni ya malori yaliyosubiri kuvuka kwenda Zambia. Ulikuwa mwezi wa pili, mvua hazikati. Matairi ya malori yalirusha matope, madereva walipiga honi, na baiskeli iliyumba kama mlevi. Mara mbili mwezi huo kreti zima lilimwangukia kwenye dimbwi. Alifika shuleni viatu vikilia maji, na mwalimu wa zamu akimsubiri getini. Alikuwa Darasa la Sita, ana miaka kumi na miwili, na alikuwa ameichukia baiskeli ile kuliko kitu chochote duniani.

Kwa hiyo shule moja ya bweni kule Vwawa ilipoagiza skonzi mia nne kila siku, Priska ndiye aliyeruka kwa furaha kuliko wote. Baiskeli haiwezi kufika Vwawa. Ilibidi gari linunuliwe.

"Tuna wiki mbili," mama alisema. "Wanataka mzigo wa kwanza Jumatatu ya tarehe nane, kabla ya saa moja. Tukichelewa, watampa mtu mwingine."

Baba mdogo Rabson ndiye aliyeleta habari njema. Alikuwa mdogo wake baba, dalali pale mpakani, mtu wa maneno mengi na mfuko usiokosa peremende kutoka Nakonde, upande wa Zambia. Aliingia uani akisalimia kwa Kibemba, "Mulishani mukwai!", kama alivyozoea kuwasalimia wateja wake wa ng'ambo, halafu akaketi juu ya gunia la unga bila kukaribishwa.

"Shemeji, nimekupatia kirikuu," alisema. Alivitaja kwa jina hilo vile vigari vidogo vya mizigo ambavyo kila mfanyabiashara mjini alivitamani. "Nyeupe, injini safi, milioni sita na nusu tu. Kwingine hupati chini ya milioni nane."

"Mbona bei iko chini hivyo?" mama aliuliza.

"Mwenyewe ana shida. Mtu mwenye shida hangoji bei nzuri."

Baba alicheka, akampiga mdogo wake begani. Mama hakucheka, lakini macho yake yalimng'aa. Milioni saba walizokuwa nazo zilikuwa za miaka minne ya skonzi na ya kikundi chao cha kuweka akiba.

Jumatano baada ya shule, Rabson alimchukua Priska akalione gari. Lilikuwa nyuma ya gereji moja, kwenye uwanja wenye magari mengi yaliyofunikwa maturubai. Priska alipanda, akakaa kwenye kiti cha abiria, akaliona bodi lile dogo nyuma na kuhesabu makreti yatakayoingia. Alijiona akishuka getini shuleni viatu vikiwa vikavu.

Kioo cha dirisha kilikuwa kimeshushwa. Nyuma ya gari, Rabson alikuwa akiongea kwa sauti ya chini na mwenye uwanja, mtu mrefu aliyeitwa Zebedayo.

"Kadi iko wapi?" Rabson aliuliza.

"Hii hapa. Ni ya ile kirikuu iliyoanguka kwenye mteremko wa Senjele, nyeupe kama hii. Namba zake ndizo nilizobandika."

"Na yenyewe?"

"Yenyewe kwenye makaratasi iliandikwa ya kwenda Zambia. Haijavuka, na ushuru wa hapa haujalipwa hata shilingi. Unadhani nitakuuzia bei hiyo kwa kukupenda? Waambie ndugu zako waendeshe tu. Wasihangaike kwenda TRA kwa watu wa kodi kubadilisha jina."

Priska alihisi kiti kimekuwa cha moto. Akageuka, na macho yake yakakutana na ya baba yake mdogo kwenye kioo cha pembeni.

Njiani kurudi, Rabson hakupiga hadithi. Walipofika kwenye kona ya kwao alisimama.

"Umesikia nini?"

"Kwamba gari halijalipiwa ushuru. Na namba si zake."

"Priska, hayo ni mambo ya wakubwa. Mji huu una magari mangapi ya namna hiyo? Yanatembea kila siku, hakuna anayeuliza." Alimpa peremende mbili. "Sasa nisikilize. Ukisema, mama yako ataogopa. Akiogopa, gari hakuna. Gari likikosekana, oda ya Vwawa imekwenda, na wewe utasukuma baiskeli mpaka umalize shule. Unataka hivyo?"

"Hapana."

"Basi. Wewe ni mtoto mwenye akili."

Nyumbani, mama aliuliza, "Umelionaje?"

"Zuri," Priska alijibu, akaenda kuosha makreti yaliyokuwa yameshaoshwa.

Tangu hapo hakutulia. Akikaa, alitaka kusimama. Akisimama, alisahau alichosimamia. Kila lori lililopiga honi barabarani lilimshtua, na kila alipomwona mtu mwenye sare alihisi amekuja kwao. Alijiambia kwamba Rabson ni mtu mzima na anajua mambo. Kisha akajiuliza, kama ni jambo la kawaida, kwa nini alinong'ona?

Alhamisi jioni Rabson alikuja kuchukua malipo ya awali, laki tano, ili Zebedayo asimuuzie mtu mwingine. Mama alizitoa noti mbele ya Priska. Priska alizitazama zikitoka mkononi mwa mama na kuingia mfukoni mwa baba mdogo. Alifungua mdomo. Rabson akamtazama kidogo tu, akatabasamu. Priska akaufunga.

Ijumaa, wakati wa mapumziko, rafiki yake Atupele alimkuta peke yake nyuma ya darasa.

"Una nini wewe? Juzi ulikuwa unaringa mnanunua gari."

"Tutanunua kesho."

"Hongereni. Angalieni tu yasiwakute ya jirani yetu." Atupele alikuwa akimenya muwa na kutema maganda. "Alinunua gari la bei rahisi kupeleka mahindi sokoni. Likakamatwa barabarani, kumbe halikulipiwa ushuru. Sasa liko kule uwanjani kwa watu wa ushuru, majani yameota mpaka kwenye vioo. Aliuza ng'ombe wanne kulinunua."

"Lakini yeye hakujua?"

"Kujua au kutojua, gari si wamechukua?"

Mchana huo Priska alijibu maswali yote ya hisabati vibaya. Asubuhi yake alikuwa amefunga skonzi tano tano badala ya sita, na jioni mwenye duka mmoja wa Mpemba akapiga simu kumlalamikia mama kwamba anamwibia.

Jumamosi asubuhi mama alivaa gauni lake la kanisani. Aliziweka milioni sita zilizobaki kwenye bahasha ya kaki, bahasha kwenye mkoba, mkoba chini ya kwapa. Baba alikuwa ameshanawa unga. Priska alisimama mlangoni na hakuwapisha.

"Tupishe, mwanangu, tumechelewa," baba alisema.

"Msiende."

"Una nini?"

"Msiende! Lile gari si halali. Nilisikia." Maneno yalimtoka mfululizo, uwanja na Zebedayo, kadi ya gari la Senjele, ushuru wa Zambia, peremende mbili. Alipomaliza alikuwa analia.

Uso wa baba ulikunjamana. "Unajua unachosema? Rabson ni ndugu yangu wa tumbo moja. Hawezi kuniuzia gari bovu."

"Sijasema bovu, baba. Injini yake ni nzima."

Mama aliketi juu ya ngazi, mkoba ungali kwapani. Hakupiga kelele. "Baba Priska," alisema, "nenda peke yako, bila hela. Kasome namba ya chasisi, ile iliyogongwa kwenye chuma. Uilinganishe na ya kwenye kadi. Kama zinafanana, nitamwomba Rabson radhi kwa magoti."

Baba aliondoka kwa hasira. Alirudi baada ya saa moja, anatembea polepole. Alikuwa ameandika namba mbili kwenye kiganja chake kwa kalamu ya wino. Hazikufanana hata tarakimu nne.

Jumatatu walikwenda ofisi ya TRA wote watatu, kwa sababu mama alitaka Priska aeleze mwenyewe alichosikia. Walihudumiwa na ofisa mmoja mwanamke, Bi. Judith, aliyevaa miwani na kuongea bila haraka. Alisoma kiganja cha baba, akaandika namba ya chasisi kwenye kompyuta yake, akasubiri.

"Gari hili liliingia nchini kama la kupita tu," alisema. "Linaenda Zambia. Gari la kupita halilipiwi ushuru wa hapa, kwa sababu halitakiwi kubaki hapa. Likibaki, likabandikwa namba za gari lingine, hilo ni kosa kubwa. Siku likikamatwa, wa kwanza kuulizwa ni yule aliyeshika usukani. Muuzaji mtamtafuta wapi?"

Mama aliuliza, "Tungefanyaje ili tujue? Sisi tunajua unga na hamira."

"Mngefanya hivi mlivyofanya, ila kabla ya kutoa hata shilingi. Gari la kununua mkononi mwa mtu, kwanza mlinganishe chasisi na kadi. Pili, mje hapa mhakikishe mwenye kadi ndiye anayewauzia, na kwamba gari halina deni. Tatu, mkishanunua, mhamishe umiliki mara moja, kwa jina la mwenye biashara."

Baba alikohoa. "Yaani si kwa jina la mume?"

"Namba ya mlipakodi wa biashara ni ya nani?"

"Ya mke wangu."

"Basi gari la biashara liwe lake," Bi. Judith alisema, na baba akatazama dari.

Maofisa wawili walifuatana nao hadi nyuma ya gereji. Magari yenye maturubai yalikuwepo, lakini kirikuu nyeupe haikuwepo. Zebedayo pia hakuwepo. Simu yake haikupatikana siku hiyo, wala baadaye.

Laki tano zilikuwa zimekwenda.

Jioni hiyo Rabson aliitwa. Hakusalimia kwa Kibemba. Alikaa kwenye kigoda, kofia mikononi, akiizungusha.

"Nilifikiri nawasaidia," alisema.

"Ulifikiria kamisheni yako," mama alimjibu. "Laki ngapi, shemeji?"

"Tatu."

"Na ukamfunga mdomo mwanangu kwa peremende."

Kisha baba alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kuliko aliyekasirika. "Kesho utakwenda mwenyewe kwa Bi. Judith. Umweleze yote unayoyajua kuhusu Zebedayo. Na hizo laki tano utazirudisha, hata kama ni kwa kubeba magunia." Rabson alikwenda kweli. Hadi mwisho wa mwezi wa tatu alikuwa amerudisha laki mbili, na zilizobaki bado alikuwa akiahidi.

Kilichomtafuna Priska kilikuwa kingine. Alimfuata mama jikoni, akasimama nyuma yake.

"Mama, hela ulitoa Alhamisi. Mimi nilijua tangu Jumatano."

Mama aliendelea kukanda unga. Alikanda muda mrefu.

"Najua," alisema mwishowe. "Nilishahesabu siku." Akageuza donge la unga, na Priska angeona afadhali achapwe.

Tarehe nane ilifika bila gari. Walikodi gari la jirani kupeleka skonzi Vwawa, na ukodishaji ule ulikula karibu faida yote. Kwa wiki mbili walioka kwa kujichosha tu, ili wasiipoteze oda. Baba alinung'unika kila alipomlipa jirani. Siku moja alithubutu kusema kwamba huenda ile kirikuu isingekamatwa kamwe. Mama alimtazama tu, naye akarudi tanurini.

Kisha shangazi mmoja kanisani akawaelekeza kwa Mzee Andongwisye wa Nanyala. Alikuwa mkulima wa kahawa, macho yameanza kumsumbua, na hakutaka kuendesha tena. Kirikuu yake ilikuwa ya bluu, imekwaruzwa upande mmoja, na aliitaka milioni nane. Mama alibishana naye hadi chai ikapoa, wakakubaliana milioni saba, wote wakiwa wamenuna. Ili kufikisha kiasi hicho ilibidi Tabita akope kwenye kikundi. Lakini kwanza namba ya chasisi ilisomwa, kadi ikaangaliwa, na safari ya ofisi kwa Bi. Judith ikafanywa. Kila kitu kilikuwa sawa.

Waliandika mkataba sebuleni kwa mzee, kabla ya kuupeleka kwa wakili. Priska alipewa kalamu kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri. Alipofika penye bei, Mzee Andongwisye aliinua mkono.

"Hapo, mjukuu wangu, andika milioni mbili."

Priska aliinua kichwa. "Samahani babu, lakini si mmesema saba?"

"Saba ni ya sisi hapa. Hiyo ni ya serikali. Mtakapohamisha umiliki kuna ushuru wa stempu, asilimia moja ya bei. Ukiandika ndogo, unalipa ndogo. Kila mtu anafanya hivyo. Nawahurumia tu, mmekopa."

Baba alijikuna shingo. Priska alijua anapiga hesabu, kwa sababu naye alikuwa akizipiga. Asilimia moja ya milioni tano zilizofichwa ni elfu hamsini. Elfu hamsini zilikuwa mifuko ya unga. Nao walikuwa wamepoteza laki tano kwa sababu yake yeye. Labda hapa ndipo angeweza kuwarudishia kidogo. Kalamu ilielea juu ya karatasi. Kiti kikawa cha moto vilevile kama kile cha kirikuu nyeupe.

Akaitua kalamu mezani.

"Siwezi kuandika hivyo," alisema. "Mtu akisoma mkataba huu ataona mwandiko wangu. Nitakuwa mimi ndiye niliyedanganya."

Mzee alicheka kidogo. Mama hakucheka. "Andika saba, Priska. Andika kwa tarakimu na kwa maneno." Kisha akamgeukia mzee, kwa upole. "Asante kwa kutuhurumia, baba. Lakini Bi. Judith alitueleza jambo. Leo sisi ni wadogo, tunakadiriwa kodi. Tukikua tutatakiwa kutunza vitabu vya hesabu. Gari la biashara huchakaa, na uchakavu huo unapunguzwa kwenye mapato kabla ya kutozwa kodi. Unahesabiwa kutoka kwenye bei ya mkataba. Nikiandika mbili leo, nimejinyang'anya tano mwenyewe. Na hata kama isingekuwa hivyo, nimechoka kuishi roho juu."

Mzee Andongwisye alifikiri. "Haya," alisema. "Andika saba. Na mimi nitalala vizuri zaidi."

Kadi mpya ilitoka kwa jina la Tabita. Jumatatu iliyofuata Priska aliruhusiwa kwenda na wazazi wake hadi Vwawa, kwa kuwa ilikuwa sikukuu na shule yake ya kutwa ilikuwa imefungwa. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, na lami ilikuwa ikitoa mvuke. Walipokaribia Mpemba, askari alisimama katikati ya barabara, akainua mkono.

Priska alishika kiti. Baba alisimamisha gari, akachukua kadi, bima na leseni, akavitoa dirishani. Askari alisoma. Alizunguka mbele, akaangalia namba, akarudi.

"Tabita ni nani?"

"Ni mimi," mama alisema.

"Mnabeba nini?"

"Skonzi."

"Haya, safari njema, mama."

Hivyo tu. Hapakuwa na kunong'ona, wala kushuka, wala kupiga simu. Gari liliondoka, na Priska akakiachia kiti.

Mama alimtazama. "Umeona lilivyokuwa jambo dogo?" alisema. "Tungekuwa na lile jeupe, sasa hivi tungekuwa tumeketi pale kwenye majani, skonzi zinapoa, na baba yako anafikiria la kudanganya. Halafu kesho tena. Kodi tuliyolipa ndiyo iliyotununulia dakika hii moja ya amani, na zinazofuata."

"Na laki tano, mama?"

Mama alitazama barabara.

"Zile ndizo ulizolipa wewe kwa kunyamaza siku moja. Ulinyamaza kwa sababu nzuri, ulitaka tupumzike sote. Lakini sababu nzuri haikulifanya gari liwe halali. Ukiona kibaya, kiseme siku hiyo hiyo, hata kama anayekuambia unyamaze unampenda. Ukingoja, mtu mwingine ndiye atakayelipa. Na ulisema, Priska. Ulichelewa, lakini ulisimama mlangoni ukatuzuia. Usingefanya hivyo, tungepoteza milioni sita na nusu, na jina."

Baba alibadilisha gia. Getini kwenye shule ya bweni, mpishi alikuwa ameshatoka nje na kuangalia saa yake. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja kufika saa moja. Priska alishuka wa kwanza, akafungua bodi, akashika kreti la juu.